Tone la mvua na udongo wa Matombo

Mvua ni rehema, wala hakuna mkulima wa Matombo atakayekubishia neno hilo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupandishwa na milima ya Uluguru, zikapoa na kushusha maji kwenye miteremko ya mashariki. Huko juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa mvua hiyo hustawi migomba, mananasi, pilipili manga na karafuu. Lakini mvua hiyohiyo huteremsha udongo wa mashamba hadi mitoni, na mito hiyo huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Rehema hugeukaje kuwa hasara? Jibu linaanzia angani, katika umbo la tone moja.

Watoto wetu huchora tone la mvua mfano wa chozi: chini duara, juu limechongoka. Mchoro huo wapendeza, ila si wa kweli. Mwaka 1904 mwanafizikia Philipp Lenard aliyaelekezea matone mkondo wa hewa utokao chini, yakaelea humo akayatazama. Ilibainika kwamba tone dogo, lisilofika milimita 2 kwa upana, ni duara kama gololi. Likizidi hapo, hewa hulibonyeza kutoka chini, likawa bapa chini na mviringo juu, mfano wa skonzi. Likikua hadi kiasi cha milimita 5 au 6, huwa si imara tena, na aghalabu hupasuka vipande.

Umbo hili lina maana kubwa. Kila kianguacho hupambana na ukinzani wa hewa. Kitu chenye kichwa cha mviringo na mkia uliochongoka, kama samaki, huipisha hewa taratibu, nayo ikaungana tena nyuma yake bila vurugu. Kitu bapa huikinga hewa. Ikifika ukingoni hukatika na kuacha nyuma mizunguko inayokizuia kitu kisiende mbele. Ndiyo maana sahani iliyokabili upepo hupata ukinzani zaidi ya mara mbili ya ule wa mpira wenye upana uleule.

Lau kusingekuwa na hewa, tone litokalo kilomita 2 juu lingetufikia kwa kasi ya kilomita 700 hivi kwa saa. Hewa hulizuia hadi ukinzani ulingane na uzito wake, na tangu hapo kasi haiongezeki. Tone la milimita 1 huanguka kwa mita 4 kwa sekunde. La milimita 5, kwa mita 9. Sasa fikiri: kama umbo la tone lingeupunguza ukinzani huo hadi robo, kasi yake ingekuwa maradufu, na nguvu ya kishindo chake mara nne. Basi ubapa wa tone ni hifadhi kwa jani, kwa ua na kwa udongo. Mwenye kutafakari na atafakari.

Pamoja na hifadhi hiyo, mita 9 kwa sekunde zatosha kuubomoa udongo ulio uchi. Tone hupiga, chembe zikaruka, na mtelemkoni nyingi huangukia upande wa chini. Kisha vumbi laini huziba vitundu vya ardhi, maji yakashindwa kuzama, yakatiririka na kuubeba udongo.

Wengi hudhani kwamba mti wowote ni mwavuli wa shamba. Sivyo. Majani hukusanya maji na kudondosha matone makubwa. Yakianguka kutoka mita 8 au zaidi, hukaribia tena kasi yake kamili. Tone lidondokalo kutoka urefu wa mita 1, kinyume chake, hufika na nusu tu ya kasi, yaani robo ya nguvu. Kwa hiyo kinga ya kweli ni ile iliyo karibu na ardhi: kunde, maharage, nyasi, na matandazo ya majani ya migomba. Mkarafuu mrefu uliofagiliwa chini yake hauulindi udongo.

Wazee wa Matombo wanalo la kukumbuka katika jambo hili. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, tena uchimbaji ule uliinua juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi waliupinga mpango huo hapo Matombo, ghasia zikatokea, nao ukaachwa. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya haki. Njia ya kulazimishana ndiyo iliyoharibu.

Leo hakuna wa kutulazimisha, na dawa ya kwanza haihitaji jembe zito: ni kuacha kuchoma majani na kuyatandaza shambani. Masika yakianza, mzazi na watie unga mkavu katika sinia, walikinge mvuani kwa sekunde chache, kisha wauchekeche taratibu. Watabaki na vidonge vya unga, vikubwa na vidogo, kila kimoja kikionyesha kadiri ya tone lililokifanya. Kisha na watoke pamoja wakautazame udongo wa shamba lao: umevikwa, au u uchi? Udongo ni amana, na watakaoudai ni hao watoto.