Habasoda Ina Kipimo Chake

Katika nyumba nyingi za Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, kopo la habasoda hukaa pamoja na makopo ya iliki na mdalasini. Mbegu hizi nyeusi, ndogo kama ufuta, ni zao la nchi kama India, Ethiopia na Misri, lakini matumizi yake yamezama katika malezi yetu.

Heshima yake imetoka kwenye dini. Hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iliyomo katika Sahihi ya Bukhari inaitaja kuwa ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Wengi huishia hapo. Lakini katika Sahihi hiyo hiyo mna kisa cha msafiri aliyefika Madina akiwa mgonjwa. Aliyekwenda kumjulia hali alielekeza zichukuliwe punje 5 au 7, zipondwe, kisha atiwe puani matone ya mafuta yaliyochanganywa nazo. Idadi imetajwa, matengenezo yametajwa, na njia ya kutumia pia.

Wazee wetu walishika utaratibu huo. Mwenye mafua hukaangiwa punje kidogo bila mafuta, zikapondwa na kufungwa katika kitambaa safi ili anuse. Mwenye kikohozi hulambishwa unga wake uliokorogwa na asali. Viungo vikiuma, huchuliwa kwa mafuta yake. Na bibi anayeijua kazi hatoi dawa kabla ya kuuliza: una mimba? Una maradhi gani mengine?

Siku hizi maduka ya dawa za sunna yanauza mafuta ya chupa na vidonge, na mnunuzi hujipimia mwenyewe. Wanasayansi wameichambua mbegu hii wakakuta kiini kiitwacho thaimokwinoni. Majaribio kadhaa kwa wagonjwa yameonyesha kuwa habasoda inaweza kushusha kiasi sukari na shinikizo la damu. Nguvu hiyo ndiyo inayodai tahadhari. Anayetumia dawa za kisukari akaongeza habasoda kimya kimya, sukari yake inaweza kushuka mno. Na anayetupa dawa za hospitali kwa kuitegemea mbegu hii peke yake anahatarisha maisha yake.

Kwa hiyo mwambieni daktari mnachokunywa nyumbani. Na bibi zetu wangali hai, tukae nao tuandike vipimo vyao pamoja na makatazo yao, maana elimu yenyewe imo humo.