Masomo ya mtandaoni si kupakua maandishi tu

Viwavijeshi vamizi walipoyashambulia mahindi ya Kitale na Bungoma mwaka 2017, walikuwa wageni kabisa nchini Kenya. Maarifa ya kuwakabili hayakuwa katika kitabu kimoja wala kichwani mwa mtu mmoja. Mkulima alilazimika kuyaokota redioni, kwa afisa wa kilimo, kwa muuzaji wa dawa na kwa jirani, kisha apime mwenyewe lipi la kuaminika.

Hivyo ndivyo kujifunza kunavyoelezwa katika nadharia ya uunganishi, iliyoasisiwa na George Siemens wa Canada katika makala ya mwaka 2005 na kuendelezwa na mwenzake, Stephen Downes. Kwa mujibu wao, maarifa hukaa katika mtandao wa watu na vyanzo, mfano wa wavu ambao nguvu yake imo katika mafundo. Anayejifunza hufunga mafundo mapya na kutambua yaliyooza.

Mwaka 2008 wawili hao waliijaribu katika kozi ya Chuo Kikuu cha Manitoba. Waliolipa karo walikuwa wapatao 25. Waliojiunga bure kupitia intaneti walizidi 2,000, ingawa si wote walioshiriki kikamilifu.

Shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo ya mtandaoni yalipewa maana finyu mno: mwalimu apakie maandishi, mwanafunzi ayapakue. Hiyo ni kazi ya posta. Kwa mtazamo wa Siemens, somo huanza pale mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, anapomuuliza mwenzake wa Kitale mbona jibu lake ni tofauti.

Hata hivyo, wavu huhitaji uzi, na uzi huu hununuliwa. Palipo na simu moja inayogombewa na ndugu watatu, au data inayokwisha katikati ya somo la video, nadharia hii huwaongezea mafundo wale waliokwisha kuwa nayo. Waasisi wake hawakulikabili sana tatizo hilo.

Suala hili lina uzito zaidi sasa, kwani Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundishia mtandaoni. Mhadhiri anaweza kuanza kwa mijadala ya maandishi, isiyomeza data nyingi, na kuwaruhusu wanafunzi wanaoishi jirani wachangie simu moja na kutoa jibu la pamoja.