Mtoto Akililia Wembe: Tafakuri kuhusu Adhabu kwa Madereva Chipukizi Wazembe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii hufasiriwa kwamba mtoto mkaidi akikatwa na wembe alioung'ang'ania, atapata funzo ambalo maonyo ya mzazi hayakuweza kumpa. Hata hivyo, hekima hiyo ina mpaka ambao aghalabu hatuutaji: wembe wa methali humkata mtoto mwenyewe. Gari na pikipiki ni nyembe za aina nyingine. Kijana asiyehitimu anapoendesha kwa pupa, anayekatwa mara nyingi ni mtu mwingine: abiria aliyempakia, mama anayeuza mboga kando ya barabara, au mwanafunzi anayetoka shuleni.

Makala haya yanakusudia kufafanua swali moja: kijana wa umri wa kati ya miaka 13 na 19 anayeendesha kizembe na kuwadhuru watu anastahili kuadhibiwa kwa ukali kiasi gani? Swali hili lina uzito wa pekee kwetu sisi wa Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa. Barabara kuu inayotoka Nakuru kuelekea magharibi imejaa majina yanayotajwa kwa huzuni. Huko Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililokuwa limepinduka lilishika moto na kuwaua zaidi ya watu 100. Huko Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Katika njiapanda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaparamia watu na magari, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mikasa hiyo haikuhusu madereva chipukizi. Lakini ndiyo iliyoikuza hasira ya umma, na hasira hiyo humwangukia yeyote anayeonekana kuuchezea usukani.

Ili tusizungumze hewani, tuwachukue vijana wawili wa kubuni, kila mmoja akiwa na miaka 17. Wa kwanza anaishi Milimani mjini Nakuru, naye amechukua gari la baba yake usiku wa Jumamosi ili kuwatembeza marafiki. Wa pili ni wa Mau Narok. Aliacha shule, naye hubeba maziwa na abiria kwa pikipiki ya jirani anayemdai kiasi fulani cha fedha kila jioni. Hakuna kati yao aliye na leseni. Tuseme kwamba kila mmoja, kwa sababu ya mwendo wa kasi, amemgonga na kumuua mpita njia. Je, kosa lao ni moja? Na adhabu je?

Neno 'ajali' na mtendaji aliyefichwa

Sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kuanza na lugha. Neno 'ajali' tumelikopa kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliowekwa, hasa ukomo wa maisha ya mtu. Katika Kiswahili neno hilo limebeba maana mbili: tukio la ghafla lenye madhara, na siku ya mtu iliyokwisha andikwa. Ndiyo maana husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo humliwaza mfiwa, na hakuna wa kumlaumu kwa kuushika. Tatizo huzuka pale unapotumiwa na yule aliyesababisha kifo. Jambo lililoandikwa halina mkosaji.

Sarufi nayo hushiriki katika jambo hili. Tazama jinsi tunavyosimulia: gari lilipoteza mwelekeo, breki zilikataa, pikipiki ilianguka, mtoto aligongwa. Katika sentensi tatu za kwanza, kiima ni chombo au kipande cha chombo. Katika ya nne, kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa na mtenda ameachwa nje. Hakuna mtu katika sentensi hizo aliyeamua kukimbia, aliyeamua kupakia abiria watatu badala ya mmoja, wala aliyemkabidhi mtoto ufunguo. Kabla hatujajadili ukali wa adhabu, basi, ni sharti tumrejeshe mtenda katika sentensi. Huenda tukagundua kwamba watenda ni zaidi ya mmoja.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki (Sura ya 403 ya Sheria za Kenya), leseni ya kuendesha gari haitolewi kwa mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 46 kinaeleza kwamba anayesababisha kifo kwa kuendesha kizembe, au kwa kasi na namna iliyo hatari kwa umma, anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10. Kuendesha kizembe bila kuua, kwa kosa la kwanza, kunaweza kuleta faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Viwango vya makosa kadhaa ya barabarani vilipandishwa na marekebisho ya mwaka 2012.

Hata hivyo, vijana wetu wawili ni watoto machoni pa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inaagiza kwamba mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na akiwa ametengwa na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikwisha kataza mtoto kupewa kifungo cha gereza, na sheria mpya ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake imeendeleza msimamo huo. Mahakama inaweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji, au kuagiza fidia ilipwe. Kijana aliyefika umri unaofaa anaweza pia kupelekwa katika taasisi ya borstali, kama vile Shikusa huko Kakamega au Shimo la Tewa huko Mombasa, kwa muda usiozidi miaka 3.

Lipo jambo moja katika sheria ile ya 2001 ambalo linafaa kumvutia kila mwanaisimu. Sheria hiyo ilikataza maneno mawili yasitumiwe kumhusu mtoto: lile la kutiwa hatiani na lile la hukumu ya adhabu. Badala yake, ilitakiwa isemwe kwamba mtoto 'amepatikana na hatia' na kwamba 'amri imetolewa' kufuatia hatia hiyo. Msomaji anaweza kuona hili kuwa mchezo wa maneno. Lakini watunga sheria walitambua jambo tunalolijua vyema: jina likishabandikwa kwa mtu huganda. Kijana aliyeitwa mfungwa akiwa na miaka 17 huenda akabaki na jina hilo hadi uzeeni.

Ni wazi pia kwamba mpaka wa miaka 18 una ugumu wake. Kijana anayeua siku moja kabla ya kutimiza umri huo anakabiliwa na miaka 3 ya borstali kwa wingi, ilhali mwenzake aliyeutimiza jana anaweza kufungwa miaka 10. Akili haikomai usiku mmoja. Wataalamu wa ubongo wameonyesha kuwa sehemu inayotawala tahadhari na kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwamba kijana akiwa na marika wake huthubutu mambo ambayo asingethubutu akiwa peke yake. Huu si udhuru wa kumwondolea lawama, bali ni kipimo cha kuikadiria.

Hoja ya wanaotaka ukali

Wanaodai adhabu kali wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mama aliyempoteza mwanawe hajali kama aliyemgonga alikuwa na miaka 17 au 37, kwa kuwa kaburi halina ukubwa wa umri wa dereva. Aidha, adhabu nyepesi huweza kusomwa na jamii kama kauli kuhusu thamani ya marehemu. Mfiwa akimwona kijana yuleyule akipita na pikipiki ileile wiki inayofuata, atahisi kwamba sheria imemzika mwanawe mara ya pili.

Hoja hii ina ukweli, ila inachanganya mambo mawili: ukali wa adhabu na uhakika wake. Mwitalia Cesare Beccaria, katika kitabu chake kuhusu makosa na adhabu kilichotoka mwaka 1764, alieleza kwamba kinachomzuia mtu kukosa ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Kijana wetu wa Mau Narok hafikirii kifungu cha 46 anapoteremka mlima. Anafikiria hesabu ya jioni. Iwapo hajawahi kusimamishwa na kuulizwa leseni, hata tukiandika miaka 50 katika sheria, kwake hiyo ni hadithi tu. Lakini akijua kwamba pikipiki isiyo na dereva halali huzuiliwa kila inapokutwa barabarani, mwenye pikipiki mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkatalia ufunguo.

Mizani ya mfuko

Hatari nyingine ya kutegemea ukali ni kwamba ukali hauwaangukii wote sawasawa. Maneno 'faini au kifungo' yanaonekana kutoa hiari. Kwa familia ya Milimani, ni hiari kweli: faini hulipwa, wakili huajiriwa, nao mtoto hurudi shuleni. Kwa familia ya Mau Narok, faini ya shilingi 100,000 huenda ikamaanisha ng'ombe na kipande cha shamba, na ikikosekana, neno 'au' hupoteza maana yake. Kiunganishi kilichokusudiwa kutoa chaguo hugeuka mlango wenye upande mmoja.

Tatizo hili si letu pekee. Mwezi wa Juni 2013 katika jimbo la Texas, Marekani, kijana wa miaka 16 aliyekuwa amelewa aliendesha gari na kuwaua watu 4. Mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa na upande wa utetezi alidai kwamba kijana huyo alilelewa katika utajiri uliomnyima fursa ya kujua matokeo ya matendo yake. Mahakama ilimpa miaka 10 ya kuwa chini ya uangalizi nje ya gereza, na watu wengi wakaghadhabika. Baadaye alikiuka masharti akatoroka nchi, na mwaka 2016 akafungwa karibu miaka 2. Funzo si kwamba huruma ni kosa. Funzo ni kwamba huruma inayomwelekea mwenye mali peke yake huifanya sheria nzima ionekane kuwa dhihaka.

Mkono uliotoa wembe

Turejee kwenye methali. Mtoto alililia wembe, lakini ni nani aliyempa? Baba wa Milimani aliuacha ufunguo mezani akijua kwamba mwanawe huuchukua. Jirani wa Mau Narok alimkabidhi mtoto pikipiki kwa sababu mtoto hudai ujira mdogo kuliko mtu mzima. Sheria ya Trafiki inamkataza mwenye chombo kumruhusu mtu asiye na leseni kukiendesha. Nayo sheria ya watoto ya 2001 iliiwezesha mahakama kumwamuru mzazi alipe faini au fidia badala ya mtoto, ila pale ambapo mzazi hakuchangia kosa kwa kupuuza wajibu wake. Vifungu vya namna hii ndivyo vinavyomrejesha mtenda wa pili katika sentensi.

Kwa maoni yetu, basi, adhabu inayofaa ina sehemu tatu. Kwanza, kijana anyimwe haki ya kuendesha kwa miaka kadhaa, na marufuku hiyo iwe ya hakika kwa maskini na tajiri. Pili, atumikie jamii mahali ambapo ataona matokeo ya kitendo chake, kama vile katika wadi ya majeruhi, chini ya afisa anayemfuatilia. Familia iliyofiwa ikiridhia, akae mbele yao na kuwasikiliza. Huenda kikao hicho kikawa kizito kuliko miezi mingi ya kufungiwa. Borstali ibaki kwa yule aliyerudia kosa au aliyewatelekeza majeruhi akakimbia. Tatu, mwenye chombo abebe fidia na faini, kwa kiwango kinacholingana na uwezo wake.

Pamoja na hayo, tusisahau kinga. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua, ambapo dereva mchanga haruhusiwi kwanza kuendesha usiku wa manane wala kuwabeba marafiki bila msimamizi. Hapa kwetu, baada ya vifo vya Migaa, sehemu ya barabara ya Salgaa iligawanywa kwa vizuizi vya saruji ili magari yanayopanda yasikutane na yanayoshuka. Ukuta ule haumuulizi dereva umri wala haumtishi kwa kifungo, lakini humzuia asimfikie mwenzake wa upande wa pili.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la ukali haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza nani alitenda nini. Neno 'ajali' humficha kijana, na hasira ya umma humficha aliyempa ufunguo. Adhabu ya haki huwatoa wote wawili hadharani, kila mmoja kwa kadiri ya alichokiamua. Samaki hukunjwa angali mbichi, nasi hatuna budi kumkunja kijana huyu, lakini anayekunja hukusudia kumpa samaki umbo, wala si kumvunja. Ama kuhusu wembe, wajibu wa kwanza ni wa mtu mzima: auweke mahali ambapo mtoto haufikii.