Jina la Mjerumani juu ya miti ya Buyangu

Mwezi uliopita nilikuwa Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Kundi la kima likapita juu yetu, likirukaruka na kutupa maganda ya matunda. Kijana aliyetuongoza akasema: "Hawa wanaitwa stuhlmanni." Nikamuuliza jina hilo ni la nini. Akacheka, akaniambia ndivyo lilivyo kitabuni.

Sisi wa Pwani tuna hesabu na jina hilo, kwa hiyo nililifuatilia.

Stuhlmann ni jina la ukoo la Kijerumani. Stuhl ni kiti, Mann ni mtu, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa mtengeneza viti. Majina mengi ya koo za Kijerumani yalitokana na kazi, yakaanza kurithiwa katika zama za kati. Yanayoongoza kwa wingi Ujerumani ni Müller, yaani msaga nafaka, kisha Schmidt, mhunzi, kisha Schneider, mshoni, kisha Fischer, ambaye ni mvuvi kama jirani zangu. Stuhlmann halimo kabisa katika safu hiyo ya mbele. Ni jina la watu wachache.

Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Fundi wa Lamu aliyechonga kiti cha enzi hakuwaachia wajukuu jina la "Viti". Aliitwa fulani bin fulani, na nyuma yake kabila au mji. Waluhya nao wana njia yao. Wafula ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na mtoto wake si lazima awe Wafula.

Mwenye jina letu hili ni Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1863. Alifika Zanzibar mwaka 1888 kuchunguza viumbe. Mwaka 1890 akatoka Bagamoyo kwenda bara pamoja na Emin Pasha. (Huyu Emin naye alizaliwa Eduard Schnitzer, na Schnitzer maana yake ni mchongaji. Yeye jina la ukoo alilivua, akavaa la Kituruki.) Wakafika Tabora, Bukoba, hadi nchi za ziwa Edward. Stuhlmann akarudi pwani mwaka 1892 na shehena ya ngozi na mizoga iliyokaushwa, ikapelekwa Berlin. Mwaka 1893 wataalamu wa huko, Matschie na Reichenow, wakampa heshima: mmoja akampa kima jina lake, mwingine akampa ndege wa jamii ya kwezi. Wote wawili wako Kakamega leo. Baadaye Stuhlmann aliongoza taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara juu ya Tanga.

Safari ile haikupita Kakamega hata kidogo. Jina lilifika Buyangu kwa sababu kima wa pale wamehesabiwa kuwa jamii moja na wale wa Kongo.

Hapa ndipo panaponikera. Ile shehena haikujileta Bagamoyo. Ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa mwambao huu huu. Walijua njia, walijua lugha, na wengine walifia njiani. Hakuna kima wala kwezi mwenye jina la mmoja wao. Sidai jina la kitabuni libadilishwe, maana kanuni za sayansi hulinda jina lililotangulia. Nadai watoto wanaopelekwa Buyangu na shule waelezwe habari yote, siyo neno moja gumu la kukariri.

Kima wetu wa Gede na Diani, ndugu wa wale, kitabuni ni albogularis, yaani mwenye koo jeupe. Walau hapo walimtazama mnyama mwenyewe, ingawa Waingereza kwa lugha yao humwita kwa jina la Sykes, afisa wao wa jeshi la India.

Tulipokuwa tukiagana, yule kijana aliniuliza sisi Pwani tunamwitaje.

"Kima," nikamwambia. "Kima tu."