Mtambuzi wa Maumbile: Istilahi za Mafunzo na Huduma ya Kujitolea katika Nchi Kame

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa waraka wa kurasa mbili ausahihishe. Waraka huo ulikusudiwa wanavijiji wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, nao uliwaalika watu wanaoijua vizuri nchi yao, miti yake, ndege wake na wanyama wake, wajifunze zaidi na wajitolee kuihudumia. Kichwa cha rasimu kilisomeka hivi: "Elimu Endelevu na Nafasi za Utumishi kwa Wataalamu wa Asili wa Jangwani." Maneno yote hayo ni ya Kiswahili, lakini msomaji wa Katesh au Haydom angepotoshwa karibu na kila mojawapo.

Tuanze na neno la mwisho, ambalo ni jepesi zaidi. Jangwa, kwa kipimo kinachotumiwa na wanajiografia wengi, ni nchi ipatayo mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka. Wilaya hizi haziitwi hivyo. Mbulu ina msitu wa Nou wenye ukungu na chemchemi. Hanang ina mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Lakini ukishuka magharibi hadi bonde la Yaeda, penye mibuyu na migunga, au ukifika Ziwa Balangida wakati wa kiangazi, chumvi ikiwa imetanda nyeupe, utakubali kwamba nchi hiyo yahitaji jina. Wengine husema "nchi kavu". Kwa mtu wa pwani nchi kavu ni kinyume cha bahari, hata mvua iwe inanyesha! Istilahi inayofaa ni "nchi kame". Hata hivyo, "ukame" hutumika kwa mambo mawili: mvua kukosekana mwaka fulani, na hali ya kudumu ya nchi isiyo na mvua nyingi. Mtu anayeweka kumbukumbu za malisho hawezi kuyachanganya mawili haya, kwa kuwa la kwanza hupita na la pili hubaki. Twapendekeza "ukame" liachiwe tukio, na hali ya kudumu iitwe "ukavu wa nchi".

"Nafasi za utumishi" ni kosa la hatari zaidi. Nchini Tanzania neno utumishi limeshikamana na ajira ya serikali. Tangazo la namna hiyo likibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, vijana watafika na vyeti vyao mkononi wakiulizia mshahara. Watakapoambiwa kwamba hakuna mshahara, watarudi nyumbani na uchungu ambao hautasahaulika mradi mwingine utakapokuja. Neno ni "huduma", tena "huduma ya kujitolea". Nalo kujitolea lina historia yake: wazee wanakumbuka siku ambazo watu "walijitolea" kwa amri, asiyefika akitozwa faini. Kazi ya pamoja ya lazima ina jina lake, msaragambo, kama isemwavyo Kaskazini. Afadhali mfasiri aongeze maneno mawili, "kwa hiari", kuliko kuliacha neno libebe mzigo wa zamani.

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu huyu aitwe nani? "Mtaalamu wa asili" hafai kabisa, kwa sababu kijijini atadhaniwa mganga wa asili na kuombwa dawa. "Bwana nyama" ni afisa wa serikali, kama alivyo bwana shamba. "Askari wa wanyamapori wa kijiji" yupo tayari, na kazi yake ni nyingine: hupewa mafunzo ya doria, kwa mfano katika chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, na watu humwona kuwa mkono wa sheria. Huko Yaeda pia wako walinzi wa misitu wa jamii ya Wahadzabe, ambao hulipwa kutokana na fedha za hewa ukaa. Ardhi yenyewe walipewa hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Hao wanalipwa, na ni haki yao. Mtu wetu halipwi, hakamati mtu, wala hatibu. Anatambua, anaandika, anafundisha.

Wenzetu wa jimbo la Texas, nchini Marekani, ambako pia kuna sehemu kame, wana utaratibu wa namna hii tangu miaka ya 1990. Anayejiunga hupata mafunzo ya saa 40. Kisha, ili aendelee kutambuliwa, kila mwaka hutoa saa 40 za huduma na kuhudhuria saa 8 za mafunzo ya juu zaidi. Cheo chao kina neno linalokaribiana na "bingwa" au "fundi mkuu". Tusilichukue. Kumwita kijana aliyesoma saa 40 "bingwa" mbele ya mzee wa Kihadzabe anayefuata nyuki tangu utotoni ni kumkosea adabu mzee.

Pendekezo letu ni "mtambuzi wa maumbile". Wako watakaocheka, maana maumbile husemwa pia kwa staha kuhusu viungo vya mwili. Tulifikiria "mtambuzi wa viumbe", tukaliacha, kwa kuwa kiumbe ni chenye uhai tu. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Gendabi na Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi tuliyaita mafuriko, lakini yalikuwa maporomoko ya tope, na tofauti si ya kamusi tu: anayeonywa juu ya mafuriko hutazama mto, anayeonywa juu ya maporomoko hutazama mlima. Mtu wa kuangalia ufa mpya kwenye mteremko au chemchemi iliyobadilika rangi ni huyu huyu anayehesabu ndege. Jina lake halina budi kuingiza na mawe.

Limebaki "elimu endelevu". Tangu miaka ya 1990 neno endelevu limefungwa kwenye "maendeleo endelevu", yaani yasiyomaliza mali ya vizazi vijavyo. Elimu ya mtu anayeendelea kujifunza ni kitu kingine. "Kujiendeleza" nako humfanya mtumishi afikirie kupandishwa cheo. "Mafunzo ya kuendeleza ujuzi" ni marefu kidogo, lakini yanaeleweka. Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni za elimu ya watu wazima, "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Misitu ni Mali" ya mwaka 1980, ambapo majina yenyewe yalikuwa somo. Klabu za Malihai, zilizoanza mwaka huo huo wa 1980 mashuleni, zilipata jina kwa kuunganisha maneno mawili ambayo kila mtoto anayajua.

Jambo moja la vitendo kwa watakaotayarisha daftari la kumbukumbu. Katika wilaya hizi hukutana Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga cha Kinailoti, lugha za Kibantu, na Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana. Mti mmoja waweza kuwa na majina manne kabla mfasiri hajafika. Kwa hiyo safu ya kwanza iwe jina kwa lugha ya aliyeuona, ya pili Kiswahili kama lipo, ya tatu jina la kisayansi. Na pasipo jina la Kiswahili, safu iachwe wazi, lisibuniwe ofisini. Waraka ule ulirudishwa na kichwa hiki: "Mafunzo ya Kuendeleza Ujuzi na Huduma ya Hiari kwa Watambuzi wa Maumbile wa Nchi Kame."