Nafasi Tupu na Ufutaji wa Faili

Wako wachunguzi wa lugha ambao huiamuru kompyuta kwa maneno yaliyoandikwa, si kwa kubofya picha. Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa Marekani mwaka 1969, amri ya kufuta ni rm. Amri hii haina kapu la takataka: kwa desturi haimwulizi mtu kama amekusudia, na kifutwacho nayo ni vigumu kukirudisha.

Hatari yake ni ya kisarufi. Kabla rm haijaanza kazi, amri husomwa na programu nyingine iliyo kama mfasiri. Hiyo hukata maneno penye nafasi tupu, na mahali pa nyota huweka majina yote yanayolingana nayo. Basi rm *.txt hufuta faili zile tu ambazo majina yao huishia kwa .txt, bali rm * .txt hufuta karibu kila faili iliyomo katika folda, kisha hulalamika kwamba .txt haionekani. Wanaobishana juu ya «kwa sababu» na «kwasababu» hawajapata kuonja hasara ya namna hii. Mwaka 2011 nafasi moja ilipenya baada ya /usr katika maagizo ya kusakinisha programu ya Bumblebee, na watumiaji wakafutiwa folda ambamo programu nyingi za Linux hukaa.

Aghalabu hushauriwa kuongeza -i, ili rm iulize juu ya kila faili. Lakini aulizwaye mara mia hujibu ndiyo pasipo kusoma. Afadhali -I ya matoleo ya GNU, iulizayo mara moja tu faili zizidipo tatu. Lililo bora zaidi ni kuandika kwanza echo *.txt, ambayo huonyesha majina bila kuyagusa. Yakiisha kusomwa, amri ile ile hurudishwa kwa kitufe cha mshale, na echo ikabadilishwa kuwa rm.

Hayo yote hayaondoi haja ya nakala. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2 ilifutwa kwa rm, na nakala zilizotegemewa zikakutwa na kasoro. Kazi iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman. Mwenye rekodi za wazee waliokwisha kufariki hana budi kuweka nakala katika chombo kingine, na kuifungua mara kwa mara aone kama yasikika.