Picha Moja, Haki Tatu: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kugeuza Picha ya Mtu Kuwa Mchoro wa Kidijitali

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika miaka ya karibuni, michoro ya sura za watu iliyotengenezwa kwa kompyuta au simujanja imekuwa zawadi ya kawaida katika harusi, mahafali na hafla za kuwaaga wastaafu. Familia nyingi pia huagiza michoro ya aina hiyo ili kuenzi kumbukumbu ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki, hususan pale inapobaki picha moja tu ya zamani, iliyofifia na yenye mikunjo.

Kwa vijana wenye kipaji cha kuchora, shughuli hii ni ajira. Kwa mteja, ni njia ya kuhifadhi kumbukumbu. Hata hivyo, ndani ya mchoro mmoja hukutana haki za watu watatu: mwenye sura, aliyepiga picha na aliyechora. Mwananchi anayefahamu namna kazi hii inavyofanyika na haki zinazoambatana nayo hujiepusha na hasara na migogoro, na hulinda heshima ya mtu anayechorwa.

Kazi huanza na picha nzuri

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli. Kadiri nukta zinavyokuwa nyingi ndivyo mchoraji anavyopata taarifa zaidi kuhusu macho, nywele na mikunjo ya ngozi. Mchoro unaokusudiwa kuchapishwa katika karatasi ya ukubwa wa A4, kwa kiwango cha kawaida cha nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji takriban pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu.

Kwa sababu hiyo, mteja anashauriwa kutuma faili halisi ya picha. Mitandao ya kijamii hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri kwa haraka, na sehemu ya taarifa zake hupotea. Picha inayotumwa kupitia programu ya ujumbe itumwe kama faili ili ifike ikiwa na ubora wake. Picha ya karatasi iskaniwe, kwa kuwa ikipigwa upya kwa simu huweza kupinda au kubeba mng'ao wa taa.

Mwanga nao una nafasi kubwa. Picha iliyopigwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande mmoja, huonyesha umbo la pua, mashavu na kidevu kwa vivuli vyake. Picha iliyopigwa kwa taa ya kamera inayomulika uso moja kwa moja huufanya uso uonekane bapa, na mchoraji hulazimika kukisia vivuli ambavyo havikuwapo.

Njia ya mkono

Mchoraji anayefanya kazi kwa mkono hutumia kalamu ya kidijitali pamoja na kishikwambi au ubao maalumu wa kuchorea uliounganishwa na kompyuta. Zipo programu za kulipia, na zipo za bure kama Krita na GIMP, ambazo humwezesha kijana asiye na mtaji mkubwa kuanza kazi.

Programu hizi hufanya kazi kwa matabaka, mfano wa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Picha halisi huwekwa katika tabaka la chini na kufungwa ili isiguswe. Juu yake mchoraji huchora mistari ya msingi, kisha huweka rangi kuu za ngozi, nywele na mavazi. Tabaka zinazofuata hubeba vivuli, sehemu zenye mwanga na, mwishoni, vitu vidogo kama mng'ao wa jicho, nyuzi za nywele na urembo wa vazi. Kosa likitokea katika tabaka moja, nyingine hubaki salama.

Mchoraji mzoefu hatumii nguvu sawa kila mahali. Hukamilisha macho na mdomo kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo ndugu na jamaa humtambua mtu wao, na huacha mandhari ya nyuma na ncha za mavazi zikiwa na alama pana za brashi.

Njia ya vichujio na akili unde

Njia ya pili ni kuiachia programu ifanye sehemu kubwa ya kazi. Mojawapo ya mbinu zinazotumika ni kichujio cha Kuwahara, kilichopewa jina la mtafiti wa Japani Michiyoshi Kuwahara. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1976 kwa lengo la kusafisha picha za kitabibu za moyo. Programu hutazama eneo dogo linalozunguka kila pikseli, hugawa eneo hilo katika sehemu nne, huchagua sehemu ambayo rangi zake zinatofautiana kidogo zaidi, kisha hutumia wastani wa rangi za sehemu hiyo. Vipele na chembechembe hulainika, lakini kingo za uso na nywele hubaki wazi, na picha huonekana kana kwamba imepakwa rangi za mafuta.

Mwaka 2015, watafiti Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani walionyesha kuwa kompyuta inaweza kutenganisha maudhui ya picha na mtindo wa mchoro, kisha kuviunganisha upya. Walichukua picha ya nyumba zilizo kando ya mto na kuipa mitindo ya wachoraji maarufu, akiwamo Vincent van Gogh. Mwaka uliofuata, programu za simu zenye uwezo wa aina hiyo zilianza kuwafikia watumiaji wengi duniani. Programu za sasa za akili unde zimekwenda mbali zaidi, kwani zinaweza kuichora sura upya kabisa kwa kufuata maelezo mafupi ya mtumiaji.

Sura ibaki kuwa ya mwenyewe

Tofauti kati ya njia hizi si ya kasi pekee. Kichujio cha kawaida hubadili rangi na kingo za picha iliyopo, ilhali akili unde hukisia sura kwa kutegemea picha ilizofunzwa. Iwapo picha hizo hazikuwa na watu wa kutosha wa jamii fulani, makisio yake kuhusu watu wa jamii hiyo huwa dhaifu.

Jambo hilo lilidhihirika katika utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kiwango cha makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifikia asilimia 34.7 katika mfumo mmojawapo, wakati kwa wanaume weupe hakikuzidi asilimia 0.8. Mifumo hiyo haikuwa ya kuchora, lakini somo lake linahusu kila teknolojia inayojifunza sura kutokana na picha.

Katika michoro, dosari hiyo huweza kujitokeza kwa ngozi kung'arishwa, pua kupunguzwa, au alama ya asili kufutwa bila mtu kuomba. Mteja ana haki ya kuilinganisha kazi na picha halisi kabla ya kuipokea, na kutaka rangi ya ngozi na alama za uso virejeshwe. Kwa familia iliyobakiwa na picha moja ya marehemu, suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa mchoro huo ndio wajukuu watakaoujua kuwa sura ya babu au bibi yao. Familia ihifadhi pia picha halisi na isikubali mchoro uchukue nafasi yake.

Haki za watu watatu

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, iliyotungwa mwaka 1999, inalinda kazi za sanaa, zikiwamo picha na michoro. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unampa mtunzi haki ya kuruhusu kazi yake igeuzwe kuwa kazi ya namna nyingine. Ulinzi huanza kazi inapotungwa na hautegemei usajili. Hata hivyo, kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpa mtunzi ushahidi wa kuonyesha pindi mgogoro unapotokea.

Kwa msingi huo, mpigapicha wa studio huwa na haki katika picha aliyoipiga, isipokuwa pale ambapo ajira au mkataba vimeweka utaratibu mwingine. Kumlipa mpigapicha na kupewa nakala hakumaanishi kuwa mteja amenunua haki zote za picha. Vivyo hivyo, mchoraji huwa na haki katika ubunifu wake mwenyewe, lakini haki hiyo haifuti ile ya mpigapicha. Picha iliyookotwa mtandaoni si mali ya yeyote anayeiona.

Uzito wa suala hili unaonekana katika shauri moja maarufu la nchini Marekani. Mwaka 1981 mpigapicha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha hiyo itumike mara moja kama rejea ya mchoro wa msanii Andy Warhol. Warhol alitengeneza michoro mingine zaidi ya ule ulioagizwa. Prince alipofariki mwaka 2016, taasisi inayosimamia kazi za Warhol ililipwa dola 10,000 kwa mmojawapo wa michoro hiyo kutumika katika jalada la jarida, na Goldsmith hakupata chochote. Tarehe 18 Mei, 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kuwa lengo la matumizi hayo ya kibiashara lilifanana na lile la picha ya awali, hivyo hoja hiyo iliegemea upande wa mpigapicha.

Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini unaonyesha kuwa hata msanii mashuhuri hawezi kutegemea umaarufu wa mtindo wake pekee pale anapotumia picha ya mwenzake kibiashara.

Uso ni taarifa binafsi

Haki ya tatu ni ya mwenye sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na linalofahamika. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za kibayometriki na taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi.

Programu nyingi za simu hazichakati picha ndani ya simu yenyewe. Huituma kwenye kompyuta zilizo mbali, mara nyingi nje ya nchi. Kabla ya kupakia picha, mwananchi asome masharti ya programu husika ili ajue picha itahifadhiwa kwa muda gani, iwapo itatumika kufunza akili unde, na namna ya kuifuta. Picha ya mtoto isipakiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na picha ya mtu mzima isipakiwe bila yeye kukubali, hata kama nia ni kumshangaza kwa zawadi.

Makubaliano na matumizi rasmi

Ili kuepusha migogoro, mteja na mchoraji waandikiane makubaliano mafupi, hata kwa ujumbe wa simu. Makubaliano hayo yataje picha itakayotumika na aliyeipiga, njia ya kuchora, bei, idadi ya marekebisho, tarehe ya kukabidhi, na iwapo mchoraji anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo hadharani. Mchoraji anayetumia akili unde amweleze mteja mapema, kwa kuwa bei ya kazi ya siku tatu haiwezi kuwa sawa na ya kazi ya dakika tatu. Wanaofanya shughuli hii kwa kipato wajisajili pia katika Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Wananchi wanakumbushwa kuwa mchoro, hata ukifanana na mtu kwa kiasi gani, hautumiki katika nyaraka za utambulisho. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka picha ya pasipoti ionyeshe rangi halisi ya ngozi na isiwe imefanyiwa mabadiliko. Picha iliyolainishwa kwa kichujio, hata kidogo, inaweza kukataliwa na kumchelewesha msafiri.

Kwa ujumla, mwananchi anayetaka mchoro ajiulize maswali matatu kabla ya kulipa: mwenye sura ameridhia, aliyepiga picha ameruhusu, na mchoraji ameeleza njia atakayotumia? Majibu yote yakiwa ndiyo, zawadi hiyo inaweza kutundikwa ukutani bila ya yeyote kudai kuwa haki yake imepokwa.